Elimu ya Sheria na Suala la Lugha katika Afrika ya Mashariki

Utangulizi

Katika mahakama za chini za Kenya, kesi nyingi za jinai hupitia lugha mbili, na pengine tatu, kabla hata shahidi wa kwanza hajaitwa. Hati ya mashtaka imeandikwa kwa Kiingereza. Karani wa korti huishika mkononi na kumsomea mshtakiwa kwa Kiswahili, akiitafsiri papo hapo. Ikiwa mshtakiwa hakijui Kiswahili vyema, hutafutiwa mkalimani wa lugha ya kwao. Jibu lake hurudi kwa njia ile ile lililokujia, na hakimu huliandika kwa Kiingereza. Hakimu, mwendesha mashtaka na wakili, ikiwa wakili yupo, wote walisomea sheria kwa Kiingereza. Karani, ambaye ndiye abebaye maneno yote ya kwenda na kurudi, mara nyingi hakusomea sheria wala hakusomea tafsiri. Hivyo uhuru wa mtu huwa umetundikwa kwenye ulimi wa mtumishi ambaye cheo chake ni kidogo kuliko vya wote walio na kazi katika chumba hicho.

Hali hii haikuzuka yenyewe. Ni matokeo ya historia ndefu ya elimu ya sheria: nani alipewa ruhusa ya kuisoma, aliisomea wapi, na aliisoma kwa lugha gani. Mambo mawili ya kwanza yamechunguzwa sana na wanasheria wenyewe. La tatu limeachwa kando, kana kwamba lugha ni kikapu tu cha kubebea sheria na wala si sehemu ya sheria yenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa katika Afrika ya Mashariki elimu ya sheria ililetwa nyumbani ilhali lugha yake iliachwa ugenini, na kwamba upungufu huo hauwezi kuondolewa na mahakama peke yake, bali darasani. Mifano ya nchi nyingine itatolewa kwa kadiri inavyosaidia kulifafanua jambo hilo.

Darasa za Pwani

Si kweli kwamba elimu ya sheria iliingia Afrika ya Mashariki pamoja na Waingereza. Katika miji ya pwani na visiwani, sheria ya Kiislamu ilisomwa misikitini na majumbani mwa masheikh kwa karne nyingi. Wakazi wengi walifuata madhehebu ya Imamu Shafi, na miongoni mwa vitabu vya fikihi vilivyotegemewa ni Minhaj at-Talibin cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277. Mwanafunzi alikaa mbele ya sheikh wake, matini yakasomwa kwa Kiarabu, kisha yakafasiriwa na kuelezwa kwa Kiswahili. Maswali nayo yaliulizwa na kujibiwa kwa Kiswahili. Kwa njia hiyo elimu ilikuwa na lugha mbili zilizogawana kazi: Kiarabu kilihifadhi kanuni, na Kiswahili kikaipeleka kanuni kwenye shamba la minazi, kwenye mahari na kwenye urithi wa nyumba.

Walimu wa darasa hizo hawakufungwa na mipaka ya nchi. Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawy, aliyefariki mwaka 1896, alitoka Barawa akawa kadhi Unguja. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyefariki mwaka 1925, alizaliwa Ngazija naye pia akawa kadhi Unguja. Mjini Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi 1947, aliandika mafunzo ya dini kwa Kiswahili ili yawafikie wasiojua Kiarabu.

Ushahidi mkubwa wa darasa hizo umo katika msamiati. Maneno hakimu, wakili, shahidi, hukumu, rufani, dhamana, wasia, mirathi, talaka na wakfu yalikuwa yamekwisha kuzoeleka vinywani mwa watu kabla ya mahakama ya kwanza ya Kiingereza kufunguliwa. Waingereza walipohitaji maneno ya mahakamani, waliyakuta yakiwangoja.

Hata hivyo haifai kuzipamba darasa hizo kupita kiasi. Ngazi zake za juu zilishikwa na koo chache zenye sifa ya elimu, na asiyekijua Kiarabu hakutarajia kuwa kadhi. Nazo hazikuvuka sana ukanda wa pwani. Huko bara, sheria ya mila ilifundishwa kwa namna nyingine: kijana alikaa barazani karibu na wazee, akasikiliza mashauri ya ng'ombe, ya mipaka na ya ndoa, mpaka na yeye akazeeka na kusikilizwa. Lakini darasa za pwani na baraza za bara zilikuwa na sifa moja iliyopotea baadaye: aliyehukumiwa aliyaelewa maneno aliyohukumiwa kwayo.

Ngazi ya London

Mwaka 1897 amri ya Malkia kuhusu Afrika ya Mashariki iliweka msingi wa mahakama za kikoloni katika Kenya. Kwa ajili ya Wazungu na watu wengine wasiokuwa wenyeji zilitumika sheria za Kiingereza pamoja na sheria zilizotungwa Bara Hindi, kama vile zile za jinai, za mikataba na za ushahidi. Kwa wenyeji waliachwa makadhi, maliwali na wazee, chini ya uangalizi wa maofisa wa serikali. Mahakama zikagawanyika tabaka mbili. Katika tabaka la juu wakili alitakikana, naye alikuwa Mzungu au Mhindi. Katika tabaka la chini wakili hakutakikana kabisa.

Kwa sababu hiyo serikali haikuona haja ya kumsomesha Mwafrika sheria. Hapa Afrika ya Mashariki ilitofautiana sana na Afrika ya Magharibi. Christopher Sapara Williams wa Lagos alipata uwakili London mwaka 1879, na John Mensah Sarbah wa Gold Coast mwaka 1887. Huko kulikuwa na jamaa za wafanyabiashara na wasomi walioweza kumlipia kijana wao nauli na karo bila ya kuiomba serikali. Huku Afrika ya Mashariki biashara kubwa haikuwa mikononi mwa Waafrika, na aliyetaka kwenda ng'ambo alitegemea msaada wa serikali. Nayo serikali ilitoa msaada kwa ualimu, kilimo na udaktari, lakini kwa sheria iliufumba mkono, kwani ilikwisha kuona Bara Hindi na Afrika ya Magharibi kuwa mwanasheria wa leo ndiye mwanasiasa wa kesho.

Kisa cha Chiedo Argwings-Kodhek chaonyesha hali ilivyokuwa. Alikwenda Uingereza mwaka 1947 kwa msaada wa serikali ili asomee mambo mengine, lakini akageukia sheria, na mwaka 1951 akawa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kupata uwakili wa Kiingereza. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, alikuwa miongoni mwa mawakili waliowatetea washtakiwa wa Mau Mau. Hofu ya serikali, basi, haikuwa ya bure.

Elimu yenyewe ya London ilikuwa ya ajabu kwa mtu aliyetazamia kurudi Afrika. Ili apate uwakili, mwanafunzi alipaswa kufaulu mitihani na pia kula idadi maalumu ya chakula cha jioni katika ukumbi wa chama chake cha mawakili. Alijifunza sheria ya ardhi ya Kiingereza, iliyotokana na mabwana na wafalme wa zama za kati, bali si namna ardhi ya ukoo inavyogawanywa kwao. Alirudi na joho na wigi, na ufasaha wa Kiingereza uliomtenga na mtu wa kwanza aliyekuja kumwomba msaada. Lakini si haki kumlaumu yeye. Ngazi ilikuwa moja tu, na ilisimamishwa London.

Dar es Salaam, 1961

Uhuru ulipokaribia, ilidhihirika kuwa nchi za Afrika ya Mashariki zingeingia katika kujitawala zikiwa na wanasheria Waafrika wanaohesabika kwa vidole. Serikali ya Uingereza iliunda kamati chini ya uenyekiti wa Lord Denning ichunguze elimu ya sheria kwa wanafunzi watokao Afrika. Katika ripoti yake ya mwaka 1961, kamati ilikiri kwamba mafunzo ya London hayakuwafaa, na ikapendekeza kuwa sheria ifundishwe katika Afrika yenyewe.

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jumba la TANU, mtaa wa Lumumba. Kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria, na wanafunzi wa mwaka huo hawakuzidi kumi na watano. Miongoni mwao alikuwamo Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Jaji wa Mahakama Kuu, na kutoka mwaka 1975 Waziri wa Sheria wa Tanzania. Muda wa miaka tisa hivi, wanafunzi wa sheria wa Kenya, Uganda na Tanzania walisomea pamoja Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kilipovunjwa mwaka 1970, Nairobi na Makerere vilikuwa na mafunzo yao vyenyewe. Kwa upande wa mazoezi ya kazi, Kenya ilianzisha Chuo cha Mafunzo ya Sheria mwaka 1963, kwa sababu ofisi za mawakili ambamo kijana angejifunza kazi zilikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi, na mlango wake haukuwa rahisi kwa Mwafrika.

Walimu wa Dar es Salaam walifanya kazi kubwa ya kuitazama sheria upya. Sheria ya mila na ya Kiislamu ziliingizwa katika masomo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, hoja ilizuka kwamba sheria haisomeki mbali na uchumi na matabaka ya jamii. Mwishoni mwa miaka ya sitini kitivo kilikuwa na kamati ya kutoa msaada wa sheria kwa wananchi wasio na uwezo. Vivyo hivyo mjini Nairobi, Kituo cha Sheria kilianzishwa mwaka 1973. Yafaa kuangalia kwamba kituo hicho kilipewa jina la Kiswahili tangu mwanzo. Waliokianzisha walijua kuwa mtu aliyefukuzwa nyumbani na mwenye nyumba hatakuja akiulizia kwa Kiingereza.

Lakini katika mageuzi hayo yote lugha ya kufundishia haikuguswa. Suala lenyewe halikuwa geni kwao. Profesa A. B. Weston, Mkuu wa kwanza wa kitivo hicho, aliandika mwaka 1965 juu ya matatizo ya kuieleza sheria kwa Kiswahili. Wakati huo huo sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka 1963 ilikuwa imeziunganisha mahakama za Tanganyika katika mfumo mmoja, na mahakama za mwanzo, zinazosikiliza mashauri ya watu wengi kuliko nyingine zote, ziliendesha kazi zake kwa Kiswahili. Hapo ndipo penye kinaya cha historia hii. Mawakili, yaani wale waliopata elimu ya juu ya sheria, kwa miaka mingi hawakuruhusiwa kumtetea mtu katika mahakama za mwanzo. Palipokuwa na Kiswahili, wakili hakuwapo. Alipokuwapo wakili, Kiswahili kilipishwa na Kiingereza.

Mifano ya Nchi Nyingine

Yaweza kudhaniwa kuwa tatizo hili ni la Afrika ya Mashariki peke yake. Sivyo. Katika kila nchi elimu ya sheria ina mlango wenye kufuli, na kufuli hiyo haifanani na ya jirani.

Katika Ghana, ambako wanasheria Waafrika walitangulia, kufuli ya siku za karibuni imekuwa ni uhaba wa nafasi. Baada ya shahada ya chuo kikuu, aliyetaka uwakili alilazimika kuingia chuo kimoja cha mafunzo ya kazi. Mwaka 2019 watu 1,820 walifanya mtihani wa kuingia chuo hicho, na waliofaulu walikuwa 128 tu. Oktoba ya mwaka huo wanafunzi waliandamana Accra, na polisi wakawatawanya. Hoja yao ilikuwa kwamba nchi haiwezi kulalamikia uhaba wa mawakili vijijini huku ikiwazuia wanaotaka kuwa mawakili.

Katika Afrika Kusini kufuli ilikuwa ni rangi, na lugha ilikuwa mlinzi wake. Nelson Mandela aliingia kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1943, akiwa Mwafrika pekee katika kitivo hicho, na akatoka bila shahada. Shahada yake ya sheria aliipata mwaka 1989 kwa masomo ya posta, akiwa bado mfungwa. Mpaka katikati ya miaka ya tisini, aliyetaka uwakili wa mahakama za juu alitakiwa awe amefaulu Kilatini, lugha ambayo shule nyingi za Waafrika hazikuwa na mwalimu wake. Sharti hilo halikutaja rangi ya mtu yeyote, lakini kila mtu alijua linamzuia nani.

Katika Ethiopia, ambayo haikuwa koloni kama nchi hizi nyingine, mambo yalifungamana zaidi. Sheria ya madai ya mwaka 1960 iliandikwa kwa Kifaransa na René David, mtaalamu kutoka Paris, kisha ikatafsiriwa kwa Kiamhari, ambacho ndicho kilichokuwa na nguvu mahakamani. Kitivo cha sheria kilichofunguliwa Addis Ababa mwaka 1963 kilifundisha kwa Kiingereza, na wengi wa walimu wake walikuwa Wamarekani. Hivyo kijana alijifunza kwa Kiingereza sheria iliyofikiriwa kwa Kifaransa ili akaitumie kwa Kiamhari.

Mfano wa Ethiopia una funzo lisilopaswa kupuuzwa. Kuwa na lugha ya taifa mahakamani hakutoshi ikiwa darasa limebaki kwenye lugha nyingine. Na nchi inayolithibitisha hilo kuliko zote ni ile ile ambayo sheria zake ndizo zilizoletwa Afrika ya Mashariki.

Waingereza na Lugha Yao

Mara nyingi husemwa kuwa Kiingereza ni lugha ya sheria kwa asili yake, na kuwa Kiswahili hakina uwezo huo. Historia ya Uingereza yenyewe yalikanusha dai hilo. Baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066, kumbukumbu za mahakama ziliandikwa kwa Kilatini, na kwa muda mrefu mawakili walibishana kwa Kifaransa. Mwaka 1362 Bunge lilitoa sheria kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu hawakuielewa lugha iliyotumiwa. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Kifaransa cha mawakili kikaendelea vitabuni kwa karne nyingine kadhaa, kikizidi kuchakaa na kuchanganyika. Ni sheria ya mwaka 1731, iliyoanza kutumika mwaka 1733, ndiyo iliyoamuru kwa mara ya mwisho kwamba shughuli zote za mahakama ziandikwe kwa Kiingereza.

Na vyuo vikuu je? Oxford na Cambridge vilifundisha sheria ya Kirumi na ya Kanisa. Sheria ya Kiingereza ilipata kiti chake cha kwanza cha uprofesa katika Oxford mwaka 1758, na aliyekikalia alikuwa William Blackstone. Kwa maneno mengine, mahakama zilibadili lugha kwanza, na darasa la chuo kikuu likafuata baada ya miaka ishirini na mitano.

Blackstone mwenyewe hakufurahishwa na sheria ya mwaka 1731. Alisema anashuku kuwa watu wa kawaida wamebaki wasioijua sheria kama walivyokuwa zamani. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, na watetezi wa Kiswahili wanapaswa kuisikiliza. Kubadili lugha ya maandishi hakumfanyi mwananchi aielewe sheria siku ya pili. Lakini ni Blackstone huyo huyo ambaye, kati ya mwaka 1765 na 1769, alitoa mihadhara yake kwa njia ya vitabu vinne vya Kiingereza kinachosomeka, navyo vikawa mwalimu wa vizazi vya wanasheria, hasa Marekani. Kilichokifanya Kiingereza kiwe lugha ya sheria si amri ya Bunge peke yake. Ni mwalimu aliyesimama mbele ya wanafunzi akaifafanua sheria kwa lugha yao, kisha akaandika.

Neno Moja Mbele ya Hakimu

Umuhimu wa darasa waonekana wazi katika jambo dogo kabisa la mahakamani, nalo ni jibu la mshtakiwa anaposomewa mashtaka. Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ililiona jambo hilo mapema. Katika kesi ya Yonasani Egalu na wenzake ya mwaka 1942, iliyotoka Uganda, ilisisitiza kuwa mshtakiwa aelezwe kila sehemu ya kosa, na atakiwe kukubali au kukana kila moja. Katika kesi ya Adan ya mwaka 1973, iliyotoka Kenya, mahakama hiyo iliweka utaratibu ulio dhahiri zaidi: shtaka na sehemu zake zote za msingi zielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na maneno yake mwenyewe yaandikwe. Hukumu hiyo imeendelea kutegemewa mpaka leo.

Lakini maneno yake mwenyewe ni yapi? Tutwae neno "nimekosa". Katika maisha ya Waswahili neno hili ni la adabu kabla ya kuwa la kukiri. Kijana mbele ya mzee, mke au mume mbele ya mawifi na mashemeji, jirani aliyeitwa barazani, husema "nimekosa" ili kuipoza hasira na kuufungua mlango wa suluhu. Halimalizi shauri, ndilo linaloanzisha mazungumzo ya kweli, ambayo kila upande utaeleza yake na fidia itatajwa. Mtu huyo huyo akilitamka mbele ya hakimu, na hakimu akaandika kwamba amekiri kosa, shauri limekwisha kabla halijaanza. Neno ni lile lile, ila baraza si lile.

Au tutazame jina la kosa lenyewe. Katika Kenya huitwa "wizi wa mabavu", na adhabu yake katika sheria ni kifo, ingawa tangu 1987 hakuna aliyenyongwa. Sikio la Mswahili likisikia mabavu hufikiri nguvu na kipigo. Lakini sheria yasema kuwa mnyang'anyi aliyekuwa na mwenzake mmoja tu amelitenda kosa hilo zito, hata kama hakuwa na silaha yoyote. Mtu akiulizwa, naye akajibu "ni kweli, tulikuwa wawili, lakini hatukumpiga", aweza kuamini kuwa amejitetea, kumbe amekubali lile lile linaloutia uhai wake hatarini. Karani hawezi kulaumiwa kwa kutoliona shimo hilo. La kusikitisha ni kwamba hata hakimu na wakili, ambao wanaijua sheria barabara, hawakupata kufundishwa mahali popote jinsi sheria hiyo inavyosikika kwa Kiswahili.

Tanzania nayo, kwa kosa linalokaribiana na hilo, husema "unyang'anyi wa kutumia silaha". Kenya husema Mahakama ya Rufaa, Tanzania Mahakama ya Rufani. Tofauti za namna hii si aibu, kwani kila nchi ina sheria zake. Lakini zinaonyesha kuwa istilahi zimeachwa zikue zenyewe mahakamani na magazetini, pasipo kitivo cha kuzipima, kuzieleza na kuzifunza.

Mabadiliko ya Karibuni

Katika Kenya, agizo la mwaka 1974 la kukitumia Kiswahili Bungeni liliwaruhusu wabunge wazungumze, lakini miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sawa na Kiingereza. Kifungu cha 50 kilimpa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha ya kesi. Sheria ya mwaka 2012 ya Chuo cha Mafunzo ya Sheria nayo ilitaja alama ya B katika Kiingereza au katika Kiswahili miongoni mwa sifa za kuingilia kwa baadhi ya waombaji. Yaani Kiswahili kilikubaliwa kumfikisha kijana mlangoni. Akishaingia, alikiacha hapo hapo na viatu vyake.

Tanzania imekwenda mbali zaidi. Februari 2021 Rais John Magufuli alimteua Jaji Zephrine Galeba kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika uamuzi wa Mahakama Kuu kwa Kiswahili. Mwezi huo huo Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza kiliachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Hatua hiyo ni kubwa. Walakini, elimu ya shahada ya sheria imebaki ikitolewa kwa Kiingereza. Jaji anayeandika hukumu kwa Kiswahili hutafsiri kichwani mwake yale aliyojifunza kwa lugha nyingine. Amefanywa karani wa nafsi yake.

Hapo Tanzania imesimama mahali pale pale waliposimama Waingereza mwaka 1733: mahakama imekwisha kuagizwa, na darasa bado.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kufuli tatu. Ya kwanza ilikuwa ni mahali, nayo ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961. Ya pili ni fedha na nafasi, ambayo imelegezwa kwa wengine na kukazwa kwa wengine, kama maandamano ya Accra yalivyoonyesha. Ya tatu ni lugha. Hii haikuvunjwa, kwa kuwa waliokuwa na ufunguo walikuwa wamekwisha kupita.

Kuifungua hakutaki Kiingereza kifukuzwe. Hukumu za karne nzima zimeandikwa kwa lugha hiyo, na mwanasheria asiyeweza kuzisoma atakuwa kiwete. Darasa za pwani zilikwisha kuonyesha njia: matini kwa lugha yake, na maelezo kwa lugha ya watu. Vitivo vya sheria vingeweza kuanza na mambo machache yanayowezekana: somo la lazima la sheria kwa Kiswahili, mashindano ya kesi za mazoezi yanayoendeshwa kwa Kiswahili, na mafunzo ya kweli kwa makarani na wakalimani wa mahakama. Idara za Kiswahili nazo haziwezi kukaa kando zikingoja kuitwa. Mwanasheria hajui kwamba "nimekosa" ina maana mbili mpaka aambiwe na anayeijua lugha. Na mwanaisimu hajui kwamba maana hizo mbili zimetenganishwa na mlango wa gereza mpaka akae mahakamani asubuhi moja na kusikiliza.

Kazi hiyo ikifanywa, itafika siku ambapo mshtakiwa atasomewa shtaka lake, aulizwe kama amelielewa, na jibu lake liwe la kweli. Mpaka siku hiyo ifike, karani ataendelea kusimama katikati na karatasi mkononi, akibeba peke yake mzigo ambao vyuo vikuu vitatu havijakubali kuubeba.